Je, Kula Vibaya ni Dhambi?

  

Mara hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo si kawaida kusemwa mimbarani, nalo ni tumbo. Tunajua wengine watauliza, mchungaji ana habari gani na matumbo ya watu? Si afadhali atuhubirie wokovu? Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu swali hili lilitupata tukiwa kazini, na tulipolichunguza tuliona kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu sisi wachungaji.

Jumapili moja tulihubiri kutoka 1 Wakorintho 6:19-20, mahali Mtume Paulo anapofundisha kwamba mwili wa mwamini ni hekalu la Roho Mtakatifu. Tulihubiri kwa nguvu. Tuliwakemea wanaokunywa pombe, wanaovuta sigara, na wanaokula bila mpango. Watu wakasema amina. Jumatano iliyofuata tulikwenda kuitembelea familia moja ya kanisa, ambayo jina lake tunalificha. Mtoto wa tatu wa nyumba ile alikuwa analia tumbo. Siku nne zilikuwa zimepita bila kupata choo. Tuliweka mikono, tukaomba. Kisha mama mwenye nyumba akaleta soda mbili, mkate mweupe na mandazi, akasema, "Karibu Baba Mchungaji, ni kidogo tu tulicho nacho." Tukala, tukanywa, tukabariki.

Tulipokuwa tunatoka tulimsikia mtoto akimwuliza mama yake maharage yatapikwa lini. Baadaye mzee mmoja wa kanisa alitueleza. Mama yule alikuwa ameuza kilo mbili za maharage aliyovuna katika kishamba chake, ili apate pesa ya kumpokea mchungaji kwa heshima. Wiki ile watoto walikula posho na chumvi, na chai yenye sukari asubuhi.

Basi wapendwa, Jumapili tulihubiri hekalu, na Jumatano tulikunywa maharage ya watoto. Tangu siku ile swali hili halikutuacha: je, kula vibaya ni dhambi? Na kama ni dhambi, ni dhambi ya nani?

TUMBO LINAFANYA KAZI GANI

Kabla ya kuhukumu jambo ni lazima kulijua. Wengi wetu tunadhani tumbo ni kama gunia: unajaza, njaa inaondoka, basi. Lakini Mungu hakuumba gunia. Ndani ya utumbo mpana wa kila mtu vinaishi vijidudu vingi mno, vinavyohesabiwa kwa matrilioni. Si vijidudu vya ugonjwa, vingi vinatusaidia. Navyo pia vinahitaji chakula. Chakula chao ni zile sehemu za mimea ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga tumboni, yaani nyuzinyuzi zilizomo katika maharage, majani, matunda na nafaka zenye maganda yake. Vijidudu vikila nyuzinyuzi vinatengeneza asidi fulani, mojawapo inaitwa butireti, ambayo ni lishe ya ngozi ya ndani ya utumbo. Hapo utumbo unakuwa na nguvu, na choo kinatoka kwa urahisi.

Sasa mtu akila unga mweupe, sukari na mafuta peke yake, karibu vyote vinayeyuka na kuisha juu, katika utumbo mwembamba. Vijidudu vya chini vinabaki na njaa. Katika majaribio yaliyofanywa kwa panya, vijidudu vilivyokosa nyuzinyuzi vilianza kula ule ute unaofunika na kulinda ukuta wa utumbo. Ni kama mtu aliyekosa kuni akaanza kuchoma milango ya nyumba yake.

Tumbo pia lina mazungumzo na kichwa. Kuna mishipa ya fahamu inayounganisha utumbo na ubongo, na sehemu kubwa ya kemikali iitwayo serotonini, kama asilimia 90 ya iliyomo mwilini, hutengenezwa tumboni. Sisi tuliopita katika vita tunalijua jambo hili bila kusomea. Nani kati yetu hakuharisha usiku ule wa kukimbia? Nani hakufungwa tumbo alipopata habari ya kifo kutoka nyumbani? Hatusemi kwamba majani ya lengalenga yataponya huzuni ya mtu. Tunasema tu kwamba Mungu aliufunga mwili na moyo katika furushi moja, na ukiuumiza upande mmoja, upande wa pili unasikia.

Tuongeze neno moja, ili mtu asipotee. Si kila ugonjwa wa tumbo unatoka kwenye chakula duni. Maji machafu yanaleta kuhara. Minyoo inaleta maumivu. Sisi wenyewe tuliteswa muda mrefu na tumbo linalowaka. Tulidhani ni mawazo ya vita, wengine wakatuambia ni uchawi. Kwenye kituo cha afya tulipimwa, akaonekana mdudu anayeitwa Helicobacter pylori, tukapewa dawa, tukapona. Mdudu huyo aligunduliwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, nao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa hiyo maombi yasikuzuie kupimwa, na kupimwa kusikuzuie kuomba.

WALIOYAONA HAYA HAPA UGANDA

Wengine wanafikiri mafundisho haya ni ya wazungu wenye friji zilizojaa. Kinyume chake, sehemu yake kubwa ilianzia hapa katika nchi iliyotupokea. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland na Mkristo mwenye bidii, alikuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye hospitali ya Mulago, Kampala. Pamoja naye alikuwako daktari Hugh Trowell, ambaye alitibu watoto wa Mulago kwa miaka mingi, kisha akarudi Uingereza akawekewa mikono kuwa mchungaji wa kanisa la Anglikana. Watu hawa waliona jambo la ajabu. Magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile saratani ya utumbo mpana na choo kigumu cha kudumu, yalikuwa machache sana kwa wanakijiji wa Afrika. Walisema sababu kubwa ni chakula: mwanakijiji alikula maharage, viazi, majani na nafaka nzima, na mzungu alikula unga uliosafishwa hata ukabaki wanga mtupu.

Mwaka 2015 watafiti walitangaza jaribio linalofuata njia hiyo. Waamerika weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Waamerika walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Waafrika wakapewa chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Wiki mbili tu, na tumbo likabadilika kwa pande zote mbili. Utumbo wa Waamerika ulipungua uvimbe na butireti ikaongezeka. Kwa Waafrika ikawa kinyume.

Tunajifunza nini? Kwamba kile tulichokula kwa bibi zetu kule Fizi, Masisi na Rutshuru, sombe, maharage, viazi vitamu, mtama, na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, hakikuwa chakula cha aibu. Tulipofika mijini na kambini tulianza kukionea haya. Leo mtoto anayekula mkate na soda anaonekana ametunzwa, na mtoto anayekula matembele anaonekana ni maskini. Hapo tumedanganyika.

LAKINI MASKINI ATACHAGUA NINI?

Hapa ndipo swali linakuwa gumu, na hatutaki kulikwepa. Ni rahisi kumwambia mtu ale vizuri. Nani ana uwezo? Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70, na mwaka 2021 ukashuka hadi 60, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Mwaka 2023 familia zikaanza kupangwa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao. Mtu anayehesabu vikombe vya unga hana nafasi ya kuchagua kati ya vyakula kumi.

Tukumbuke pia yaliyowapata ndugu zetu wa Msumbiji waliokimbilia Malawi wakati wa vita vya nchi yao. Mgao wao ulikuwa hasa mahindi, na karanga ndizo zilizowapa vitamini ambayo mahindi hayaitoi vya kutosha. Karanga zikakosekana. Mwaka 1990 watu zaidi ya 18,000 walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka kwenye jua, tumbo linaharisha, na mwisho akili inachanganyikiwa. Je, watu wale walitenda dhambi? Hasha. Walikula walichopewa. Kama kuna wa kuulizwa, si yule aliyeshika sahani.

Kwa hiyo tumejifunza kutofautisha watu ambao zamani tuliwakemea kwa fimbo moja.

Wa kwanza ni aliyekosa. Huyu anakula posho na chumvi kwa sababu hakuna kingine. Kumhubiria hekalu mtu huyu ni kumwongezea mzigo. Mungu hamdai mtu kile ambacho hakumpa. Anachohitaji kwetu ni kilo ya maharage, wala si mahubiri. Mtume Yakobo (2:15-16) aliwakemea wanaomwaga mwenye njaa kwa maneno mazuri, mikono yao ikiwa mitupu.

Wa pili ni asiyejua. Anazo shilingi chache, na kwa upendo ananunua soda, biskuti na unga mweupe kabisa wa namba moja, akidhani anawapa watoto kilicho bora. Soma 2 Wafalme 4:38-41. Kulikuwa na njaa katika nchi, na mtu mmoja akaenda kuchuma, akaleta matunda ya porini asiyoyajua, akayakatia chunguni. Wenzake walipoonja wakalia kwamba mna mauti ndani. Angalieni alichofanya Elisha. Hakumkemea yule aliyechuma. Aliomba unga, akakitengeneza chungu, watu wakala. Asiyejua atengenezewe chungu. Asiaibishwe mbele ya watu.

Wa tatu ni anayejua na anayeweza, lakini hataki. Baba anayepokea pesa mkononi, akaimaliza kwenye pombe na nyama choma pale senta, nyumbani watoto wakilamba chumvi. Huyu ndiye Paulo anayemsema kwamba tumbo limekuwa mungu wake (Wafilipi 3:19). Hapo tunasema bila kuogopa: ndiyo, hiyo ni dhambi. Na ubaya wake hautokani na nyama ile, kwa kuwa nyama si haramu. Ubaya ni kwamba amekula sehemu ya wengine.

Wa nne hatukumwona mapema, kwa sababu alikuwa sisi. Ni yule anayewafanya wengine wale vibaya. Ni mchungaji ambaye kila nyumba inajua ni lazima apewe soda. Ni wageni wa arusi wanaosengenya kama hakuna mchele na soda. Ni jamaa wanaomcheka mama aliyepika lengalenga siku ya sikukuu. Mtu wa namna hii hashiki mwiko wala sufuria, lakini ndiye anayeamua nini kitapikwa.

DANIELI ALIKUWA MKIMBIZI KAMA SISI

Tulipokuwa chuo cha Biblia tulibishana sana kama mwili una thamani au ni ganda tu la roho. Wako wazushi wa kale waliofundisha kwamba mwili ni kitu kibaya, na kinachoufanywa hakijali. Kanisa liliwakataa, kwa sababu Neno alifanyika mwili, akala samaki na mkate pamoja na wanafunzi. Lakini upande wa pili wako wanaouabudu mwili, na siku hizi ni wengi. Danieli alipita katikati.

Danieli alikuwa amehamishwa kwa nguvu kutoka nchi yake, akila mgao uliopangwa na serikali ya ugeni. Alimwendea msimamizi kwa adabu, akaomba apewe mboga za majani na maji kwa siku kumi tu, kisha watazamwe (Danieli 1). Tunaona mambo mawili. Kwanza, hata mtu aliyepokonywa karibu kila kitu alitafuta sehemu ndogo iliyobaki mikononi mwake, akaitumia. Pili, hatusomi kwamba Danieli aliwatukana vijana wengine waliokula chakula cha mfalme. Alishika njia yake bila kuwahukumu.

Hiyo ndiyo jibu letu kwa swali la mwanzo. Dhambi haipimwi kwa sahani peke yake. Inapimwa kwa kile mtu alichokuwa nacho mkononi, alichokijua, na nani aliyeumia kwa uchaguzi wake.

SEHEMU NDOGO ILIYO MIKONONI MWETU

Tuseme sasa yale yanayowezekana hapa, bila kumdai mtu asichoweza.

Ukiwa na kishamba au hata gunia moja lenye udongo mlangoni, panda lengalenga, sukuma au matembele. Yanataka maji kidogo, hata yale yaliyoosha vyombo bila sabuni. Ukipeleka mahindi kinuni, acha gunia moja lisagwe bila kukobolewa. Ganda na kiini ndivyo vyenye nyuzinyuzi na vitamini. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Yataiva kwa kuni chache na tumbo halitajaa hewa sana. Usiyauze yote. Aliyezoea posho tupu aongeze maharage na majani polepole, akinywa maji safi ya kutosha, la sivyo tumbo litasumbuka. Bushera ya mtama au ulezi ambayo wenyeji wa hapa wanatengeneza, ile ya watoto isiyo pombe, ni afadhali kuliko soda, mradi maji yake yamechemshwa.

Watoto wadogo wana tumbo dogo. Wakijazwa majani tu hawatapata nguvu; uji wao utiwe karanga zilizosagwa au mafuta kidogo. Na mtoto aliyekonda sana, aliyevimba miguu, anayeharisha huku macho yameingia ndani, au mtu yeyote anayetoa damu katika choo, asingoje mkesha wa maombi. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, nasi tutaomba njiani.

TULIRUDI KWA MAMA YULE

Wapendwa, hatukuweza kuandika haya kabla ya kurudi. Tulikwenda tena nyumba ile, tukapeleka maharage, tukaomba msamaha. Mtoto alikuwa amepata nafuu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, nikikupa maji matupu, watu watasema nini juu yangu?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulikuja kumwambia habari za nyuzinyuzi, naye akatuambia habari za heshima. Mkimbizi amepoteza nyumba, shamba, ng'ombe na makaburi ya wazazi. Kitu kimoja kilichobaki ni kumkaribisha mgeni. Ukimkatalia soda yake bila kumpa njia nyingine ya kuwa mwenye nyumba, umempokonya na hicho. Bwana aliwaagiza wanafunzi wale kile watakachoandaliwa (Luka 10:7-8), na hatutaki kulivunja neno hilo.

Kwa hiyo tulikaa na wazee wa kanisa, tukakubaliana hivi. Kuanzia sasa mchungaji, wazee na wanakwaya wakitembelea nyumba watakula kile kile ambacho watoto wa nyumba ile wanakula siku hiyo, katika sufuria ile ile. Kama ni posho na lengalenga, tutakula posho na lengalenga na kushukuru. Kama ni maji, tutakunywa maji. Na kama hakuna kitu, tutajua, na hatutatoka bila kufanya neno. Agizo hili linatangazwa mbele ya wote, ili mama yeyote asisengenywe. Atakayesengenya atakuwa ametusengenya sisi.

Na siku ile mama yule alitupa nini? Alituangalia, akacheka, akafunua sufuria. Yalikuwamo matembele na maharage machache. Tulikula pamoja na watoto, na yule wa tatu akaomba aongezewe.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, tunaomba mjadili mambo haya mawili: Ni chakula gani cha wazazi wetu ambacho tumeanza kukionea aibu? Na ni nani katika kijiji chako ambaye leo hana cha kuchagua?

Mungu wa amani aitakase roho zenu, nafsi zenu na miili yenu. Tuombeane.

Ni sisi watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.